Mtoto Niliyemfunga Mgongoni Diepsloot

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize, ajifute machozi, kisha anyamaze anisikilize. Nimechoka na watu wanaonikatiza katikati na kuniambia ilikuwa homa, ilikuwa hofu, ilikuwa giza. Giza lilikuwepo, sikatai. Hofu ndiyo usiseme. Lakini mgongo huu ni wangu, na mimi ndiye ninayejua nilibeba nini.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Nilikuja Johannesburg nikiwa binti, nikahangaika huku na kule, mwisho nikatua Diepsloot, lokesheni, yaani mtaa wa watu wa hali ya chini, nje ya jiji. Nakaanga magwinya, yaani maandazi ya huku, karibu na stendi ya teksi. Wakati huo nilikuwa napanga kibanda cha mabati kule bondeni, ng'ambo ya kijito. Siku za kawaida kijito chenyewe kuku anavuka bila kulowa tumbo, na kinanuka balaa. Sisi tulikivuka kwa mbao kwenda barabarani, tukakivuka tena kurudi nyumbani.

Nyumbani nilikuwa na mtu mmoja tu, binti yangu Pendo, miaka mitano. Baba yake alishakwenda zake Durban, tusimwongelee. Mchana Pendo alikuwa kwa Gogo, bibi wa Kizulu jirani yetu aliyeangalia watoto wa mtaa mzima. Kwa hiyo Kiswahili anakielewa chote, hata ukimsengenya anajua, lakini kukisema? Thubutu! Unamuuliza kwa Kiswahili, anakujibu kwa Kizulu. Nimembembeleza, nimenuna, nimemnyima pipi, wapi! Ndivyo walivyo watoto waliozaliwa huku.

Ndugu zangu wa Kigoma huwa wananiuliza, Joburg haina ziwa wala bahari, mafuriko yanatoka wapi? Yanatoka juu, mwenzangu. Asubuhi jua kali, unaanika nguo. Alasiri wingu linasimama upande mmoja, jeusi tii, na kabla hujaanua limeshakufikia. Radi za huku hazingojani zamu. Halafu inakuja mvua ya mawe, mabati yanapiga kelele hadi husikii anayekupigia ukelele sikioni. Gogo akiona wingu tu anafunika kioo chake kwa shuka, anazima simu na kukaa chini kimya, ndivyo alivyofundishwa kwao. Haichukui muda, imekwisha, jua limerudi. Lakini maji ya lokesheni nzima yameshateremka kwenye kile kijito, na sisi wa bondeni ndio tunaojua kilichotupata. Kila msimu tunaapa kuhama, kila msimu hatuhami. Tuhamie wapi?

Siku hiyo Pendo aliamka na homa. Nikampa dawa, akalala, nikamwomba Gogo awe anamchungulia, nikaenda kazini. Mnisute mkitaka. Mama asipoenda kazini, huyo mtoto atakula nini?

Wingu lilikuja upesi kuliko siku zote. Nilikuwa sijazima hata jiko, mawe yakaanza kuanguka. Niliacha unga, niliacha mafuta na karai, nikakimbia. Umeme ulishakatika kila mahali. Ilikuwa jioni tu, watu ndio kwanza wanatoka kazini, lakini kulikuwa giza kama usiku wa manane. Nilipofika kijitoni zile mbao zilikuwa zinacheza, nikapita juu yake nikimtaja Mungu, na nyuma yangu nikazisikia zikiondoka.

Ndani kwangu maji yalinifika magotini. Nikaita, "Pendo! Pendo!" Nikapapasa kitandani, chini ya blanketi, nikamkuta mtoto amejikunyata. Amelowa, baridi kama bomba la maji. Nikajua homa imemzidi, mwanangu ananifia. Nikavua kitenge nilichojifunga, nikamrusha mgongoni, nikakaza fundo kifuani. Mikono yake ikanizunguka shingo. Uso wake niliuona? Sikuuona. Simu ilikuwa imekufa kwa maji, na niambieni nyie, mama gani anamkagua mtoto anayemkuta kwenye kitanda chake mwenyewe?

Nje wanaume walikuwa wamefunga kamba, huku kwenye nguzo, kule kwenye gari la bakkie, pikapu, lililosimama ng'ambo. Watu tukapanga mstari kwenye kamba ile, tukaingia. Maji yalinifika kiunoni, yanasukuma, yana vyuma na mabati ndani yake. Nilikuwa katikati kabisa niliposikia sauti sikioni.

"Mama, usinifunge sana. Niko naumia."

"Vumilia mwanangu, tunafika," nikajibu.

Nikapiga hatua, na ya pili, ndipo moyo ukanishtuka. Wewe, umemjibu nani? Pendo hajawahi kunisemesha Kiswahili tangu alipojua kusema! Tena hiki hakikuwa hata Kiswahili changu. "Niko naumia" ni Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa kwetu, cha Uvira, nilikuwa nakisikia sokoni kwa Wakongomani tangu nikiwa mdogo. Nywele zilinisimama, niaminini.

"Wewe ni nani?"

"Niko nasikia baridi, mama."

"Mwanangu yuko wapi? Pendo wangu yuko wapi?"

Nikataka kugeuka nirudi. Nyuma yangu kulikuwa na baba mmoja amebeba mama yake mzee, ananipigia kelele nisonge mbele, "Hamba, mama! Hamba!" Nyuma yake watu tele, na kamba moja. Nikigeuka tunakwenda na maji wote. Na yule wa mgongoni akaanza kuwa mzito, uzito wa gunia la mchanga uliolowa. Nikaachia kamba kwa mkono mmoja, nikashika fundo la kitenge nilifungue. Ndiyo, nilitaka kumtupa. Fundo likagoma.

Akaanza kutetemeka, shavu lake shingoni kwangu. "Usinitupe," akasema. "Maji ilishanichukua mara moja."

Jamani, ningefanyaje? Nililia. Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa, kisha nikamwomba kama ninavyomwomba Mungu. "Nirudishie mwanangu!"

"Hayuko kule kwa nyumba. Ukirudi, utakufa bure. Univushe, nitakuambia kwenye yuko."

"Niambie sasa hivi!"

"Univushe kwanza. Halafu unipeleke kwa mama yangu. Sema ndiyo."

Nikasema ndiyo. Angeniomba jicho ningesema ndiyo. Nikaendelea kuvuka, na hakuna kitu kigumu nilichowahi kufanya duniani kuzidi hatua zile, maana kila moja ilikuwa inaniondoa kwenye kitanda cha mwanangu, na sina hakika kama ninayemwamini ni mtoto au ni shetani.

Ng'ambo mama mmoja alinishika mkono akanivuta juu ya tope. Nikasikia sikioni, polepole, "Yuko kwa duka ya Msomali, juu ya magunia." Halafu mgongo ukawa mwepesi. Kitenge kilikuwa palepale, fundo palepale, ndani hamna kitu. Yule mama aliyenivuta akatazama mgongoni kwangu, akapiga yowe: "Mtoto ameanguka! Mtoto wake ameanguka majini!" Kwa hiyo naye alimwona. Nyie mnaosema homa, na yeye alikuwa na homa?

Sikungoja. Nikakimbilia spaza, duka lile la Msomali, nikasukuma watu mlangoni. Pendo alikuwa amekaa juu ya magunia ya unga wa mahindi, amevikwa koti la Gogo, kando yake Gogo mwenyewe. Jiwe la kwanza la mvua lilipodondoka, bibi wa watu alikwenda kumchukua, akavuka naye mbao zikiwa bado zipo. Pendo akanitazama akasema, "Mama, ngilambile." Ana njaa. Kwa Kizulu! Nikaanguka magotini nikalia kwa sauti mbele za watu. Sijawahi kusikia lugha tamu kama ile.

Kibanda chetu kilikwenda jioni ileile pamoja na kitanda. Kama ningerudi, nisingekuwepo hapa kubishana na nyie.

Tulilazwa kanisani, chini, wote wa bondeni. Fundi cherehani mmoja Mkongomani aliponisikia nasimulia, akaacha kutafuna. "Hukuambiwa?" akaniuliza. Kumbe kabla yangu chumba kile alikuwa akikaa mama mmoja wa Uvira, Mama Nadine. Binti yake, umri wa Pendo, alikwenda na maji ya kijito kile siku ya mvua ya mawe, wakamtafuta mpaka wakachoka, wasimpate. Mama akahamia Bellevue, anasuka nywele. Majirani walijua wote, wakaona si habari ya kumpokelea mgeni.

Nikasema mimi mambo hayo siyataki. Nikahamia upande wa juu, nikanunua karai jingine, maisha yakaendelea. Mvua iliyofuata, radi ya kwanza tu, nikasikia uzito mabegani na baridi shingoni. "Mama Pendo, ulisema ndiyo." Mvua nyingine, vilevile. Nikavumilia. Hata hivyo siku moja nilikuta Pendo amejibana ukingoni mwa godoro wakati mvua inapiga, na nusu ya godoro imelowa chapachapa. Nikamuuliza vipi. Akaniambia kwa Kizulu chake kwamba amempisha mwenzake, maana mwenzake anasikia baridi. Eish! Kesho yake asubuhi nilipanda teksi ya kwanza kwenda Bellevue, kwa maelekezo ya yule fundi cherehani.

Mama Nadine alikuwa na chumba katika nyumba moja kuukuu iliyogawanywa kwa mbao, anasukia hapohapo. Mwanamke mwembamba, mikono myepesi, anataniana na mteja wake mpaka wanafutana machozi. Nilingoja mteja aondoke. Nikamweleza yote, ila lile la fundo sikumweleza. Lile sijawahi kumwambia mtu yeyote mpaka leo ninapowaambia nyie.

Hakulia. Alisema, "Alisema namna gani? Rudilia."

"Niko nasikia baridi, mama."

Akaweka chanuo chini. "Ni yeye. Hakupendaga baridi, hata kidogo." Akakaa, akafikiri, kisha akaniuliza swali ambalo liliniua: "Sasa kwa nini alikuja kwako, hakuja kwangu?"

"Labda hajui ulikohamia, dada."

Nilidhani nimemfariji. Alasiri ya kwanza wingu liliposimama, Mama Nadine alishuka Diepsloot akiwa na kitenge kipya begani. Nilimkuta tayari anateremka bondeni, nikamshika kwa mikono yote miwili. "Usiende, nakuomba! Maji hayo hayana huruma!"

"Wewe wako ulimpata," akaniambia. "Uniache na mimi nitafute wangu."

Akaingia mpaka magotini. Akainama, akapitisha mikono chini ya maji, akainua, akarusha mgongoni na kufunga, kama mama yeyote. Mvua ikakatika palepale. Akapanda juu anatabasamu, na kitenge kimevutika chini kimeelemewa, nami nilichungulia ndani kwa macho yangu haya mawili. Hamna mtu.

Tangu siku ile hajakishusha. Nyie mnaijua Joburg majira ya baridi, miezi inapita halidondoki hata tone, unaanika shuka, unakunywa chai, ukirudi limekauka. Kitenge cha Mama Nadine hakikauki. Kinachuruzika sakafuni mchana na usiku. Wateja walimkimbia, mwenye nyumba akamtoa, nikamchukua mimi, nikampa kona chumbani kwangu, maana ningemwacha aende wapi? Analala ameketi. Hospitali walipiga picha mgongo, wakasema hauna kitu, wakampa vidonge vya maumivu. Mchungaji alikuja kumwombea, akajaribu kulegeza fundo, akang'atwa mkono.

Na anainama. Kila mwezi anainama zaidi. Nilipomuuliza kama anaumia, alicheka kwa furaha kabisa, furaha ya mama, akaniambia, "Anakuwa mukubwa, Mama Pendo! Mwaka huu angeingia gredi ya tatu." Sasa hivi akitembea, uso wake uko karibu na magoti. Anakufa huku namwona, na nimeshindwa, nimeshindwa kabisa.

Juzi nilipiga magoti mbele yake. Nikamwambia, dada yangu, nipokee kidogo, nipe nimbebe hata mpaka asubuhi, wewe unyooshe mgongo ulale. Akaniinulia macho kutoka kule chini.

"Wewe usimguse," akasema. "Ulitaka kumtupa."

Msimu wa mvua unafunguka. Wewe unayekaa bondeni, Diepsloot au popote, nakusihi. Wingu likisimama, usimfunge mtoto mgongoni kabla hujamtazama usoni, hata kwa mwanga wa radi. Msemeshe, akujibu kwa sauti unayoijua. Na ukijikuta umeshachelewa, uko katikati ya maji, wako humwoni, na huyu anakuambia sema ndiyo, utasema. Najua utasema, na mimi ningesema tena leo. Ila usidhani atakayelipa ni wewe.