Dole Gumba Kwenye Bawa la Fedha

Mdogo wangu wa kiume walimwita Kioo, na jina hilo hakulipata kwa sura, maana sura alirithi kwa baba, na baba alikuwa wa kusamehewa tu. Alilipata kazini. Miaka thelathini na moja alikuwa kwenye karakana ya uwanja wa ndege, akinyoosha mabati ya ndege yaliyobonyea na kuyasugua mpaka rubani aweze kunyolea ndevu ubavuni mwa ndege. Hakupanda ndege hata siku moja. “Mwosha huoshwa,” alisema, “lakini msugua ndege hapandishwi.”

Alipostaafu akaanza kuunda ndege ndogo za plastiki, zile zinazokuja vipande vipande ndani ya boksi. Meza aliiweka chumbani chini ya dirisha, na mkewe akalala miaka tisa kwenye harufu ya tina ya kuchanganyia rangi.

“Wifi,” aliniambia mkewe, “wenzangu wanaletewa wake wenza. Mimi naletewa ndege, tena nyingine hata mabawa hazijaota.”

Ndege za kijani na za kijivu alizipaka huku anapiga mluzi. Iliyomtoa jasho ni ya bati tupu lisilopakwa rangi, mfano wa ile ya mizigo aliyoisugua ujanani. Kuifanya plastiki ionekane bati ni kama kumdanganya mama mkwe: kosa moja tu, keshajua. Kwanza unaisugua kwa msasa na maji. Halafu unaipaka nyeusi. Naam, nyeusi, tena ya kung'aa, kwa sababu rangi ya fedha huazima mng'ao wake chini. Nyeusi ikikauka, unaipulizia rangi ya alumini kwa bunduki ndogo ya upepo, nyembamba kama pumzi. Juu hupaki vanishi, vanishi huizima. Kwa hiyo haiguswi tena. Mafuta ya kidole yakiingia kati ya nyeusi na fedha, utayaficha wee, lakini ni kama mimba, yatatokeza.

Ile nyeusi ya Kioo ilikuwa si ya kawaida. Mimi niliwaambia majirani kwamba inzi alitua pale, akaona inzi mwenziwe chini, wakatukanana, wakapigana kutwa, na jioni tukaokota maiti mbili. Wakacheka. Toka utotoni mimi ndiye mwongo wa ukoo, sikatai. Shule sikwenda, basi nilisomea hilo.

Sasa macho. Daktari alimwambia yanakufa kuanzia katikati. La kushoto lilikuwa limeshakwenda. Akilitumia, anaona doa la kijivu palipo na uso wa mtu. La kulia nalo lilianza.

“Dada,” aliniambia, “nikiimaliza hii ya bati bila doa, basi jicho la kulia bado ni langu na ninaendelea. Ikinishinda, nafunga meza. Sitaki kuwa mzee anayepaka uchafu, watu wakamsifu kwa huruma.”

Siku ya kupuliza, wifi alikuwa sokoni. Kioo aliifuta ile nyeusi kwa kitambaa cha spiriti, akaifunika kwa beseni la kufulia vumbi lisiingie, akajilaza kidogo atiwe dawa ya macho. Nikamtia.

“Usifunue beseni.”

“Mimi? Nifunulie nini, kwani kuna nyama?”

Akafumba macho. Nikafunua.

Nilitaka kujiona tu. Nikajiona kweli, na videvu vyangu viwili na pengo langu. Nilipoinama, unywele wangu mweupe ukadondoka juu ya bawa la kushoto. Ningeupuliza, mjinga mimi. Nikaubandua kwa dole gumba. Na asubuhi hiyo nilikuwa nimechua goti langu kwa mafuta. Nikapangusa kwa pindo la gauni, nikaona pamekuwa safi, nikarudisha beseni, nikakaa kitandani na mikono mapajani kama mgeni.

Aliamka, akavaa glavu, akapuliza. Nilishuhudia plastiki inageuka bati. Kesho yake alifunika sehemu kwa selotepu, akapuliza fedha nyingine nyeupe zaidi, nyingine iliyofifia, na nyuma ya injini akaweka rangi ya bati lililoungua. Siku ya tatu akabandua selotepu yote, akaisogeza dirishani akiwa ameishika kwa kijiti. Akageuza kichwa huku na huku kama kuku anayeangalia mtama.

“Dada. Hapa kwenye bawa la kushoto. Pana doa, au ni lile la jicho langu?”

Lilikuwepo. La mviringo, limefifia, na mistari yake yote. Mimi ninayeweka dole pote watu wanapoweka sahihi, ningelikosaje kulijua?

“Bawa safi kabisa,” nikamwambia. “Kama maji ya kunywa.”

Nilidhani namfurahisha. Aliteremsha ndege polepole. “Basi doa limefika na jicho la kulia,” akasema, na akaanza kuosha bunduki ya rangi. Aliiosha vizuri, akaifuta, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameshampa mchora mabango wa mtaa wa pili, pamoja na rangi zote.

Jioni hiyo wifi aliingia chumbani, akaiona ndege juu ya kabati. “Nani kagusa hii?”

Nikakiri. Nikasema yote: beseni, unywele, goti, mafuta. Kioo alinisikiliza mpaka mwisho.

“Dada, wewe na inzi wako. Ahsante.”

“Si hadithi, mume wangu,” wifi akasema. “Alama ipo, naiona.”

“Na wewe umefundishwa lini uongo?”

“Gusa basi!”

Akagusa, yeye aliyekuwa haigusi. Akapitisha kidole bawa zima. Alama ya mafuta haina kimo, vidole vitaijuaje? “Laini,” akasema. “Hamna kitu. Msinipoze, nyie wanawake. Mimi si mtoto.”

Jicho la kulia lilidumu miezi minane. Nilimwona akitunga uzi kwenye sindano ya mkewe kwa jaribio la pili. Miezi minane, na kwenye ile meza ya ndege wifi alikuwa akipigia pasi. Mara tatu nilimwendea na ukweli ule ule, mara tatu akanipigapiga begani. Kisha likaenda.

Sasa hukaa kwenye kiti kule dirishani, na nikifika huniambia, “Dada, nidanganye.”

Juzi nikampa ya inzi. Hakutabasamu. Nikampa ya rubani aliyenyolea ndevu ubavuni akajikata sikio. Akapiga miayo. Nikasema, “Basi, kwenye bawa la kushoto kuna dole langu gumba, na jicho lako la kulia siku ile lilikuwa bado lako.”

Hapo alicheka mpaka akakohoa. “Hiyo,” akasema akijifuta machozi, “hiyo ndiyo kubwa kuliko zote.”

Wifi alikuwa mlangoni na pasi mkononi. Alinitazama mimi, akaitazama ndege, akageuka akarudi jikoni.