Karatasi ya Wapiga Kelele

Naikumbuka Ijumaa ile, mwanangu, na wewe unaikumbuka, maana ndiyo siku mama yako alipopaza sauti mpaka mlinzi wa jengo akaja kuchungulia. Sina mvi. Nina miaka thelathini na mbili tu. Lakini nimechoka kama wenye mvi, kwa hivyo leo nisikilize kama unavyomsikiliza nyanya yako.

Nilikuwa nimetoka kazini Al Wakrah, pale mapokezi kwenye kliniki ya meno, kutwa nzima nikiwaambia watu wenye maumivu wangoje. Nikapitia Mansoura, hapa Doha, kukuchukua kwenye programu ya uongozi ya watoto wa darasa la sita hadi la nane. Kwenye ngazi nikamkuta rafiki yako Nakato, mtoto wa yule mama Mganda jirani yetu, amekaa na begi mapajani.

"Aunty, nimefukuzwa."

"Umefanya nini?"

"Nimeandikwa mara tatu."

Nikaingia ukumbini. Kocha, yule kijana anayewafundisha, akanipokea na meno yote nje. "Mama Shiru, hongera! Binti yako ndiye monita bora. Anaandika wapiga kelele bila uoga, hata beste yake hakumwacha!"

"Nakato alikuwa akisema nini?"

"Sheria ni sheria, mama. Ukiandikwa mara tatu, unatoka."

"Nimekuuliza alikuwa akisema nini."

Hakujua. Wewe ulijua. Ukasema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa akimweleza yule msichana mgeni maneno ya Kocha, kwa sababu Kiingereza bado kinamshinda.

Hapo ndipo nilipopasuka. Niliyoyasema siyarudii. Hasira hasara, watoto walishtuka, na wewe ukauficha uso wako. Kwa kukuaibisha naomba msamaha. Kwa kukasirika, hapana.

Mwanangu, nilikasirika kwa sababu nilijiona. Nikiwa darasa la sita, huko Kitale, nami nilipewa kalamu na karatasi niandike wapiga kelele mwalimu akitoka. Nilijiona waziri! Wavulana wakubwa wa nyuma walipiga kelele kama soko, sikuwaandika. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Nikamwandika Jeruto, msichana mpole, kwa sababu alininyima muwa. Siku hiyo wenzetu walipokuwa wakifanya mtihani, Jeruto alikuwa nje anafyeka nyasi kwa adhabu.

Aliyenikemea hakuwa mwalimu. Alikuwa Mama Rispa, mpishi wa shule. Nilipofika na sahani yangu ya githeri akaushikilia mwiko juu, hakupakua.

"Wewe ndiye kiongozi?"

"Ndiyo," nikasema, kifua mbele.

"Jeruto alikuwa anasema nini?"

Nikamsogezea sahani.

"Basi wewe si kiongozi. Wewe ni karani wa kiboko." Kisha akanipakulia, tena akajaza.

Nilidhani mambo hayo tumeyaacha nyumbani. Kumbe tumeyapakia kwenye masanduku, tukapita nayo uwanja wa ndege, tukayafungulia Doha na kuyaita mafunzo ya uongozi. Na mimi niko humo. Nilipiga picha beji yako ya umonita nikaiweka kwenye status, sikukuuliza hata mara moja kazi yako ni ipi. Uchovu, mwanangu. Lakini uchovu si udhuru.

Njiani uliniambia, "Mum, nisipoandika, naandikwa mimi." Neno hilo ndilo lililonikosesha raha kuliko yote ya Kocha. Mtoto anafunzwa kumuuza mwenzake ili yeye apone. Samaki mkunje angali mbichi, lakini angalia unamkunjia wapi.

Kwa hivyo shika haya. Cheo ni dhamana. Kabla hujaandika jina la mtu, muulize. Ukiona mgeni haelewi, huyo ndiye kazi yako ya kwanza. Nakato aliifanya bila beji. Ukiambiwa uchague kati ya kuandika na kuandikwa, andikwa, kisha njoo uniambie. Nitakuja hata na sare ya kazi.

Mungu akupe moyo usioogopa wakubwa na mkono usiowaonea wadogo. Ukiongoza, wanaokufuata wafurahi kukuona ukija.

Na kwa kuwa kelele yangu haikumrudisha Nakato, Jumamosi niliandika kwa utulivu, nikampelekea katibu wa kamati ya wazazi mkononi, nikangoja hadi akasaini kwamba amepokea:

"Kwa kamati. Mimi, mzazi wa Wanjiru, mnayemwita Shiru, wa darasa la saba, nalalamika rasmi. Nakato ametolewa kwenye programu kwa kumsaidia mwenzake kuelewa somo, na hakuna mtu mzima aliyemuuliza. Naomba arudishwe na aombwe radhi mbele ya watoto wale wale. Naomba kuandikana majina kukome, na watoto wapewe kazi za kuongoza kweli, kama kupokea wageni na kuendesha kikao chao wenyewe. Mimi nilimfokea Kocha mbele ya watoto. Nitamwomba radhi, lakini lalamiko langu liko pale pale. Binti yangu ameirudisha beji, imo ndani ya bahasha hii. Hatakuja Ijumaa mpaka Nakato aje."