Bahari Sikioni mwa Kuku

Enzi zetu pale Nguvumali tulijua mambo ambayo leo hayamo hata kwenye simu. Mimi, kwa mfano, nilijua kwamba yai la bata halipasuki mpaka lisikie sauti ya bahari. Aliyenifunza ni binamu yangu Kombo wa Kigombe, akaapa kwa macho yake yote mawili. Macho hayo yapo mpaka leo, sasa mimi ningekataaje?

Ilikuwa hivi. Mama yake Kombo, Shangazi Mwanahamisi, alikuja kututembelea na mayai ya bata ndani ya kikapu cha pumba, akanipa mimi. Kwetu bata hatukuwahi kufuga. Mama ni mtu wa Lushoto, na kwao milimani ndege anayeogelea ilikuwa hadithi. Lakini kuku wetu mwekundu alikuwa anaatamia, tukamwekea mayai yale kwenye pakacha nyuma ya jiko. Akakaa bila kuuliza.

Kazi ya bahari ikawa yangu. Nilijaza dumu maji ya chumvi ufukweni, nikalibeba kichwani mpaka nyumbani kwenye jua la kupasua mawe, kisha asubuhi na jioni nalitikisa sikioni mwa kuku: chwaa, chwaa! Nilitikisa mpaka mkono mmoja ukawa mrefu kuliko mwenzake. Kuku alikuwa na uso wa abiria wa boti ya Pemba siku ya mawimbi, lakini hakuhama.

Wiki tatu zikaisha, kimya. Mama akaweka yai sikioni. "Viza haya. Yatupwe, kuku wangu arudi kutaga."

Nikakumbatia pakacha. "Ukiyatupa, nitupe na mimi!"

"Toka hapo wee, atakudonoa macho!"

Sikutoka. Wali nilikula pale, hesabu za shule nilifanya pale, nikadonolewa sikio likavimba kama andazi. Mama akachoka. "Mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Yakinuka, utayala wewe."

Nikatikisa kama mwenda wazimu. Alhamisi ya kuamkia Ijumaa hiyo yai la kwanza likatoboka. Kesho yake pakacha lilijaa vifaranga wa midomo bapa, na kuku anawatazama kama mzazi aliyebadilishiwa mtoto wodini. Tukawalisha machicha ya nazi. Siku walipojitosa kwenye karai la maji, kuku alipiga ukelele mtaa mzima ukaja na ndoo, ukidhani nyumba inaungua.

Ndiyo maana mwaka huu, nilipoanza kufuga bata kwangu, nimekataa mashine ya kutotolea. "Baba, unachomeka umeme tu," wanangu wananiambia. Umeme! Watoto wa leo wanataka hata bata azaliwe kwa soketi. Hawajui raha ya kubeba bahari kichwani ukiwa peku, wala ya kudonolewa kwa ajili ya jambo unaloliamini. Masomo ya jioni niliyosoma ukubwani yalinipa cheti, hayakuninyang'anya dumu. Nimeatamisha kuku mayai ya bata, natikisa dumu mbele yao, na wacheke.

Juzi Shangazi, sasa anatembelea mkongojo, alinikuta nyuma ya jiko. Nikamwamkia shikamoo huku natikisa.

"Marahaba. Unafanya nini, mwanangu?"

"Nayasikilizisha bahari, Shangazi. Wiki tatu zimeisha na bado. Si ndivyo alivyonifunza Kombo?"

Akaketi kwanza. "Kombo alikuwa anakuchezea. Yai la kuku wiki tatu, la bata wiki nne. Subiri tu."