Siku Nilipomsahihisha Mjomba

Petroli ya jenereta, soksi za wanajeshi na karanga za kukaanga: nikikutana na harufu hizo tatu mahali pamoja, bado naona haya. Ndivyo kilivyonuka kibanda cha video kule Makindye, karibu na kambi ya jeshi, ambako Mjomba Okello, kaka yake mama, alitafsiri filamu za Kiingereza kwa kipaza sauti huku sinema ikiendelea. Kampala watu wa kazi hiyo huitwa vijei. Wengi hutumia Kiluganda. Mjomba alitumia Kiswahili, kwa kuwa wateja wake walikuwa askari kutoka kaskazini, wake zao, na Wakenya wachache wenye maduka. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Asichokielewa alikijaza mwenyewe, na watu walimpendea hicho alichojaza.

Jumapili moja alasiri ilionyeshwa filamu ya maisha ya rapa wa Marekani, aliyeanza kwa kuuza kanda zake mtaani hadi akamiliki kampuni ya muziki, viatu vyenye jina lake na nyumba yenye bwawa la kuogelea. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nasoma shule ya Mengo, na kichwa kilikuwa kimenivimba kwa Kiingereza. Mama wa rapa alipotokea, mjomba akasema, "Huyu mama iko nafua nguo ya maaskari. Kijana yake naimba kusudi mama apumzike." Mwanamke mmoja akajifuta macho kwa leso. Mimi nikaona aibu, maana aliyefua nguo za askari alikuwa bibi yangu, mama yake mjomba, na kambi nzima ilijua. Nikasimama. "Rapa hakusema hivyo. Amesema mama yake alikuwa mwalimu. Mjomba anabuni tu." Watu wakacheka, kisha askari mmoja akauliza, "Kumbe siku zote natudanganya?" Mjomba hakunifokea. Alininyooshea kipaza sauti. "Basi sema wewe." Nilikishika. Rapa alizungumza, kila neno nililielewa, lakini sikuweza kutoa hata sentensi moja. Watu wakaanza kutoka, na wiki hiyo hiyo mwenye kibanda akaleta vijei mwingine.

Leo binti yangu anaitazama filamu ile kwenye simu, tafsiri sahihi ikipita chini, huku akipiga miayo. Rapa ni mzee tajiri anayetangaza saa za mkononi. Mjomba analinda duka Kamwokya, nami humpelekea sukari tukazungumza habari za mvua, kwa sababu msamaha sijawahi kumwomba. Mwezi uliopita binti yangu alimsihi amsimulie maisha ya rapa yule. Mjomba akaivuta kofia yake ya ulinzi. "Uliza mama yako. Yeye ndiye najua Kiingereza." Binti yangu akanigeukia. Nikamwambia kwamba mama wa rapa alikuwa akifua nguo za askari, na mwanawe aliimba ili mama apumzike. Mjomba alitazama barabarani, hakunisahihisha.