Karatasi Niliyomwandikia Wifi

Ni mimi niliyempeleka wifi yangu kwenye mazungumzo ya Jumamosi. Mwalimu mmoja mstaafu wa historia, hapa mtaani kwetu Mutakura, alikuwa ametufungulia majirani sebule yake: tunasoma kurasa chache za hadithi au za historia, kisha tunabishana kuhusu mambo ya mtaa. Mimi nilisomea fasihi chuo kikuu. Wifi, mke wa kaka yangu, aliacha shule huko Uvira akiwa darasa la sita, na anauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Nilitaka aone ninavyosikilizwa.

Siku hiyo ya kwanza tulisoma hadithi ya kijiji kilichochukuliwa na mafuriko. Nilieleza kwa kirefu lugha ya mwandishi. Wifi aliuliza jambo moja tu: kati ya wale watu, nani alijua maji yanakuja, na kwa nini alinyamaza? Sebule nzima ilimgeukia. Hakuna aliyetaja lugha tena. Nilirudi nyumbani nikitembea hatua mbili mbele, yeye akinishukuru njia nzima.

Haikupita miezi mingi akawa anasimama kwenye mikutano ya mtaa. Watu walibisha mlango wa nyumba tunamoishi sote, na nilipofungua waliniuliza kama yule mama yupo.

Mvua ziliposababisha mtaro kufurika hadi ndani ya nyumba za watu, kikundi cha Jumamosi kilimchagua yeye akaseme mbele ya wakuu wa komini, serikali ya eneo letu. Siku hiyo sikula. Akaja kwangu na daftari.

"Yaya, nisaidie kuandika," alisema. Ndivyo alivyoniita, kama dada yake mkubwa. "Mi Kifaransa yangu ni ya sokoni."

Nilimwandikia. Hoja zote zilikuwa za kweli, hata sheria ya mitaro niliyoitafuta, ila nilizifunga kwa Kifaransa kigumu cha mawakili, sentensi ambazo hata mimi nilizisoma mara mbili. Nilijua ninachofanya.

Mbele ya wakuu alikwama mstari wa pili. Mtu alicheka nyuma yetu. Nakiri kwamba nilifurahi, kwa muda mfupi sana. Kisha akaikunja karatasi, akaeleza kwa Kirundi jinsi maji yalivyomkuta jirani yetu mgonjwa kitandani, na ukuta uliojengwa juu ya mtaro ulivyoyazuia. Wakuu wakaanza kuandika. Mmoja alipouliza sheria inasemaje, wifi alinigeukia.

"Huyu ndiye anajua. Yaya, waambie."

Nilisimama, nikasema sentensi nne fupi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumdai mkubwa jambo lisilo langu peke yangu.

Njiani nilimwomba msamaha.

"Nilijua pale nilipokwama," alisema. "We hukoseagi hivyo."

Kisha akaniuliza kama mkaa umebaki nyumbani.

Ukuta ulibomolewa. Mtaro haujachimbwa hadi mwisho, na bado tunadai. Mimi ni karani wa kamati ya mtaa. Yeye ndiye msemaji. Wivu haujaisha. Mwezi uliopita watu wa mtaa wa Kinanira walimwalika akazungumze nao, mimi hawakunialika. Nilimpigia kitenge pasi, nikamsindikiza hadi barabarani, roho ikiniuma.