Fomu ya Dawa ya Mama

Fomu ambayo ingempatia mama yangu dawa ya homa ya ini ilikataliwa kwa sababu baba aliitunza vizuri kupita kiasi. Haikuwa imekosewa jina wala tarehe, na saini ya daktari bingwa ilikuwa mahali pake. Kosa lake lilikuwa moja tu: ilikuwa ndani ya plastiki ngumu inayong'aa, imezibwa pande zote nne, haiingii maji, haiingii vumbi, na haishiki wino. Hata leo nikipita mbele ya duka la stesheneri nikakutana na harufu ya plastiki iliyopashwa moto, najiona tena nina miaka kumi na mmoja, nimesimama kando ya baba mjini Mafinga, natazama karatasi ile ikimezwa taratibu na mashine na kutokea upande wa pili ikiwa na joto kama chapati.

Baba alikuwa fundi seremala. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, na nyumbani kwetu kila kitu kilinukia paini: shuka, unga, hata chai. Maranda yalituingia kwenye viatu, na msimu wa mvua yalilowa yakawa kama uji mlangoni. Mama alifundisha darasa la tatu katika shule ya msingi iliyokuwa mwendo wa dakika chache kutoka kwetu. Hakuwa mgonjwa wa kulala. Alichoka tu, na lawama ya uchovu ule alilibebesha darasa lake, lenye watoto wengi kuliko madawati. Siku moja watu wa kukusanya damu walikuja shuleni, na walimu wakatangulia kujitolea ili wawe mfano. Wiki chache baadaye mama aliitwa hospitali ya wilaya. Damu yake haingeweza kupewa mtu. Ilikuwa na kirusi cha homa ya ini aina ya C.

Kutoka pale alitumwa hospitali ya rufaa Mbeya, na kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa, nilikwenda nao. Daktari bingwa alikuwa mtu mrefu aliyezungumza polepole, akimtazama mama na siyo karatasi zake. Alisema ini lilikuwa limeanza kupata makovu lakini bado lingeweza kuokolewa, na kwamba asingependa kuona mwaka unapita bila tiba. Dawa ilikuwepo, kidonge kimoja kwa siku kwa wiki kumi na mbili, na wengi walioimaliza walipona kabisa. Baba aliuliza bei. Daktari alipoitaja, mama alicheka kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa nyumba asiyoweza hata kuigonga mlango. Ilikuwa karibu mshahara wake wa mwaka mzima. Alikuwa na kadi ya bima aliyokatwa kila mwezi tangu aajiriwe, ila dawa ile haikuwa miongoni mwa zile zinazotolewa moja kwa moja. Ilihitaji kibali maalumu. Daktari akajaza fomu yenye visanduku vitatu: cha hospitali ya wilaya, ambacho tulikuja nacho tayari, cha kwake mwenyewe, na cha tatu kilichoachwa wazi kwa ajili ya muhuri wa ofisi ya bima Iringa.

Sasa lazima nieleze tabia ya nyumbani kwetu, ambayo najua ni ya nyumba nyingi za huku. Karatasi yoyote yenye maana ilipigwa laminesheni. Cheti cha ndoa, vyeti vya ubatizo, vyeti vyetu vya kuzaliwa, cheti cha baba cha darasa la saba, hata dhamana ya redio ambayo redio yenyewe ilikwishakufa. Vyote vilikaa katika sanduku la paini alilolitengeneza kwa mkono wake, vimesimama kama sahani kabatini. Baba aliwahi kuona hati ya shamba la baba yake ikiliwa na panya, na tangu siku hiyo aliamini kwamba karatasi isiyo na plastiki ni karatasi iliyokwisha kupotea ila bado hujajua. Kwa hiyo siku moja kabla ya safari ya Iringa, mvua ikinyesha tangu alfajiri, alinichukua tukaenda kwa Bwana Hasan, mwenye duka la stesheneri na mashine ya laminesheni.

Bwana Hasan alikuwa Mhindi aliyezaliwa pale pale Mafinga, na Kihehe alikizungumza vizuri kuliko mimi. Alituamkia kamwene, akaipokea fomu kwa vidole viwili, akaisoma juu hadi chini.

"Fundi, hapa chini pako wazi," alisema.

"Hapo ni pa kwao wa Iringa."

"Sasa wataandika wapi, nikishafunga?"

"Bwana Hasan, wewe piga. Watu wa ofisi wana kalamu zao."

Alimtazama baba, akanitazama mimi, akawasha mashine. Nafikiri alijua. Lakini baba alikuwa amemtengenezea rafu zote za duka lile, na kumbishia fundi wako mbele ya mtoto wake si jambo jepesi.

Iringa tulifika saa nne asubuhi, watatu. Baba aliitoa fomu ndani ya koti na kuiweka mezani kwa fahari iliyoonekana hata kwenye mabega. Mfanyakazi wa bima alikuwa dada mmoja mwenye sweta ya kijani. Aliigeuza fomu, akaigonga kwa kucha, kisha akachukua muhuri na kuubonyeza juu ya kile kisanduku cha tatu. Wino ulikaa juu ya plastiki kama maji juu ya jani la gimbi. Akaufuta kwa kidole gumba, wote ukaondoka. Akamwita mwenzake wa meza ya pili aje aone.

"Mzee wangu," alisema, akijitahidi kutocheka, "hii fomu umeitia kwenye kioo."

"Nimeihifadhi, mwanangu."

"Umeihifadhi mpaka na mimi siwezi kuifikia."

Kisha akaacha utani na kutueleza taratibu, kama mtu anayeijua njia kwa sababu anaielekeza kila siku. Muhuri lazima ukae kwenye karatasi yenyewe. Nakala haikubaliki. Tungelazimika kurudi kwa daktari, na akaongeza kwa sauti ya chini kwamba maombi ya dawa ghali kama hizo yalijadiliwa kwa mafungu, na fungu lililokuwa karibu lilikuwa linafungwa baada ya siku kumi. Likitupita, hakujua lijalo lingekuwa lini.

 Tulipofika nyumbani, baba alikwenda moja kwa moja karakana. Aliiweka fomu juu ya meza ya kazi, akainoa patasi yake ndogo kuliko zote, akaipasha kidogo kwenye mkaa wa jiko, na kuanza kuitenganisha plastiki kuanzia pembeni, kama anayebandua ubao wa juu wa meza ya zamani. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Pembe ya kwanza ilikubali. Ya pili ikakubali. Halafu karatasi ikachanika kwa unene, nusu ikabaki mezani na nusu ikaondoka na plastiki, na nusu iliyoondoka ndiyo iliyokuwa na saini ya daktari. Baba aliishika juu kwenye mwanga, saini ikaonekana vizuri kabisa, kinyumenyume. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji.

"Baba Neema," alisema, akimwita kwa jina langu, "siku nikifa, mwite Bwana Hasan anipige na mimi."

Nilidhani baba angekasirika. Aliketi juu ya mbao, akaufunika uso kwa mikono yenye vumbi, na mabega yakaanza kutikisika. Nilichukua muda kuelewa kwamba anacheka na analia kwa pamoja, na mama akaweka ndoo chini akaketi naye. Walikaa hivyo mpaka mimi nikaona haya nikaingia ndani.

Daktari bingwa alikuwa na kliniki moja kwa wiki. Tulimfikia siku ya sita, tukiwa tumekwisha kupitia hospitali ya wilaya kujaziwa kisanduku cha kwanza cha fomu mpya. Alisikiliza kisa chote, akaomba aione fomu ya kwanza, na baba akaitoa vipande viwili. Daktari aliitazama, akavua miwani, akaifuta. Akajaza sehemu yake kwenye ile mpya palepale, lakini alipomaliza hakumpa baba. Alimpa mama. Mama aliiweka ndani ya daftari la mahudhurio la darasa lake, na daftari ndani ya mfuko wa nailoni, na hakuuachia hadi Iringa. Dada wa sweta ya kijani alibonyeza muhuri, wino ukanywewa na karatasi. Ilikuwa siku ya tisa.

Kibali kilikuja kwa simu, mama akiwa anafundisha hesabu za kugawanya. Mwalimu mwenzake alinisimulia baadaye kwamba alisikiliza, akasema asante, akamalizia swali ubaoni, kisha akaomba watoto wamwimbie wimbo wowote. Wiki kumi na mbili zile nazikumbuka kwa utulivu wake. Kidonge alikinywa baada ya chakula cha mchana, sote tukimtazama mpaka akatukataza. Mama mdogo, mdogo wake anayelima mpunga Rujewa, alikuja na gunia la mchele akakaa nasi mwezi mzima akipika na kutufulia. Miezi mitatu baada ya kidonge cha mwisho, vipimo vya Mbeya vilisema kirusi hakionekani. Baba alitengeneza kiti cha bustani siku hiyo, bila kuambiwa na mtu, na mama bado anakikalia jioni akisahihisha madaftari.

Sasa ninafanya kazi Mbalizi na nina kadi yangu. Fomu siku hizi hazisafiri. Daktari anabonyeza kompyuta, na mtu aliye Iringa anaona muda huohuo. Dawa yenyewe imeshuka bei sana. Ninachokiona kigumu ni kitu kingine. Mama na mama mdogo walichanjwa chale utotoni kwa wembe mmoja, siku moja, na daktari alishauri tangu wakati ule kwamba mdogo wake naye apimwe. Yeye alimjibu mama, "Nikikutwa nayo nitaitibu kwa mpunga?" Hakuwa na bima, na bado hana. Kwetu yeye ni mama yangu kama mama alivyo, lakini kadi yangu inapokea mwenzi, watoto na wazazi walionizaa. Mwezi uliopita niliwauliza watu wa bima kama anaweza kuandikwa. Wakaniambia nilete barua ya maelezo. Nimeipeleka. Mama mdogo amekubali kupima, kwa sharti kwamba majibu ya barua yatangulie. Jana nilimpigia simu, akaniuliza kama yametoka, nikamwambia bado.