Nyota za Pembeni

Kipketer alikuwa mkamuaji hodari kutushinda sote, na hilo nalisema mapema kwa sababu yanayofuata hayamjengei jina. Tulikamua pamoja kwenye shamba la mzungu mmoja huko juu ya Gilgil, mwaka wa hamsini na sita. Kazi ndiyo iliyotupa ruhusa ya kujenga na kulisha ng'ombe wetu wachache pale. Ukifutwa, unahama nao, na hakuna aliyejua pa kuwapeleka.

Sasa jameni, mtu mwenye ng'ombe sita na watoto wanne ana haja gani na nyota? Alinunua sabuni dukani, ikafungwa kwa ukurasa wa gazeti la Kiingereza wenye picha ya kundi la nyota lenye mikono iliyopinda. Akampelekea Joash, mwalimu wa misheni. Joash akamsomea kwamba nyota zile zote huzunguka katikati yao. Akaongeza kwa elimu yake kwamba kitu kikiwa mbali na kinachokivuta, mvuto hupungua, nacho huenda polepole.

Kipketer akakataa katakata. Alisema ng'ombe aliyefungwa akizunguka kigingi, kamba hujikunja mpaka anakwama. Kama nyota za pembeni zingekuwa zinachelewa hivyo, mikono ile ingeshajikunja zamani, isionekane. Kwa hiyo, alidai, huko mbali mvuto haupungui kama vitabu vinavyosema. Joash alicheka, akamuuliza alifika darasa la ngapi. Hata la kwanza hakumaliza.

Neno hilo lilimchoma. Asubuhi iliyofuata nilimkuta ameinamia karai kubwa la maziwa ya kupelekwa kiwandani. Alikuwa amenyunyiza unga wa mkaa, mstari mmoja kutoka katikati hadi ukingoni, sasa anakoroga katikati kwa mwiko na kutazama. Mkaa wenyewe ulikuwa wa senetwet, mti tunaouchoma na kusugulia ndani ya vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando. Kwetu maziwa yasiyo na mkaa ni ya mgonjwa. Nami, mjinga mwenzake, sikuona kosa.

Mzungu aliliona. Karai zima likamwagwa. Khaemba, nyapara wetu, mtu mwema, alimnong'oneza Kipketer aseme ni masizi yaliyoanguka kutoka darini, naye angemuunga mkono. Masizi yalikuwapo kweli, tena tele. Bwana alipouliza, Kipketer akajibu, "Ni mimi. Nilikuwa napima nyota."

Mdomo uliponza kichwa. Nilitamani kumzaba kofi. Alipewa hadi Jumamosi awe ameondoka.

Jumamosi nilienda kuwasaidia kufunga mizigo. Chepkurui, mkewe, hakuwa amemsemesha tangu siku ile. Alipomaliza kufunga vibuyu, akamuuliza, kwa upole ulionitia hofu, maziwa yalimwonyesha nini.

Kipketer hakuwa mwongo, na hapo ndipo nilipomhurumia. Alikubali kwamba mkaa wa pembeni ulichelewa, vile vile Joash alivyosema, na mstari ukajikunja.

"Lakini maziwa yanazuiwa na ukuta wa karai," akasema. "Mbinguni hakuna karai."

Chepkurui akafungua zizi, akamtia mkononi kamba ya ng'ombe wa kwanza.

"Basi tangulia, Baba Chelangat," akasema. "Ukawalishe huko huko."